Usilipie Chumba Kabla Hujauliza Maji

Barua za mwezi huu zimenifanya nicheke, maana nusu yake zinakwenda sehemu moja: Zanzibar. Yuko nesi wa Dodoma na wenzake watatu wa wodini, wanataka kwenda mwezi wa tano kwa sababu wameambiwa bei zimeshuka. Yuko binti wa Mwanza aliyeolewa Desemba, na fungate bado anamdai mumewe. Yuko mama wa watoto wawili anayeuliza kama ni busara kwenda na mama mkwe. Na yuko mmoja, mji wake siutaji, ambaye ameshatuma nusu ya pesa kwa mtu aliyemwona mtandaoni, ndipo sasa ananiuliza kama ni salama.

Wote mmefanya jambo lilelile: mmechagua hoteli kwa picha. Ile picha ya maji ya kijani na mchanga mweupe imepigwa saa maji yamejaa, mwezi ambao jua lipo na upepo umetulia. Mwenye hoteli si mwongo, ila hana sababu ya kukuonesha pwani yake saa tano asubuhi, bahari imeondoka kilomita nzima na kilichobaki ni nyasi, vidimbwi na kina mama wanaovuna mwani. Kuuliza ni kazi yako wewe.

Nesi wangu, nianze na wewe. Mwezi wa tano bei zimeshuka kwa sababu ya mvua, hakuna siri nyingine. Masika huingia Machi, na Aprili na Mei ndipo inaponyesha kwelikweli. Hoteli nyingi za pwani hufunga kipindi hicho, wapake rangi, waezeke makuti, wafanyakazi waende kwao. Ukikuta iliyo wazi, huenda mkawa peke yenu ukumbini mnatazama maji yakitiririka kwenye paa. Kuna wanaoupenda utulivu huo, na kama mnachotaka ni kulala baada ya zamu za usiku, nendeni, sitawazuia. Lakini barua yako inataja kuogelea mara tatu. Sogezeni hadi Juni katikati. Hoteli zimefunguka, bei za Julai na Agosti hazijafika, na joto limepungua kiasi kwamba mtu wa Dodoma anaweza kulala bila feni kumvumia usoni.

Kuanzia hapo ni kusi. Upepo unatoka kusini, unaanza kushika Mei au Juni na kuendelea hadi Septemba, na pwani ya mashariki na kusini mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu, ndiyo inayoupokea kifuani. Ndiyo maana vijana wa tiara za majini hujaa Paje miezi hiyo. Wao upepo ni mtaji wao, lakini kwako wewe unayetaka kulala mchangani na kitabu, ni mchanga mdomoni. Miezi ya kusi mtu wa kupumzika nampeleka kaskazini, Nungwi, au Kendwa inayotazama magharibi na kukingwa. Vuli huja kuanzia Oktoba au Novemba, mvua zake za vipande vipande, asubuhi manyunyu, mchana jua. Kisha kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi: bahari ya kuvutia, joto la kukukamua. Januari na Februari usiniambie unapunguza gharama kwa kuchukua chumba kisicho na kiyoyozi. Utakitafuta usiku wa kwanza kwa bei yoyote.

Sasa maji yenyewe, na hapa naomba mnisikilize, maana hakuna wakala wa safari atakayewaambia.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Hilo wengi mnalijua. Msilolijua, nyie wa bara, ni bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hufikia karibu mita nne. Hiyo ndiyo bamvua: maji yakija yanagonga ngazi za hoteli, yakiondoka yanaondoka mpaka kwenye mwamba. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haiendi mbali na hairudi kwa nguvu. Na kwa Unguja, siku za bamvua maji huwa yamejaa yapata saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yamekupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi. Yaani ule wakati umeshiba chai na umevaa nguo ya kuogelea ndio wakati bahari haipo. Siku za maji mafu ni kinyume chake, saa nne na saa tano asubuhi ndipo maji yako mlangoni.

Huhitaji programu ya simu kulijua hili, ingawa zipo. Chukua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, zile ndogo za pembeni. Tarehe moja hadi tatu hivi na kumi na tano hadi kumi na saba ni bamvua. Tarehe nane au tisa, na ishirini na mbili au ishirini na tatu, ni maji mafu. Wavuvi wanahesabu hivyohivyo. Kwa hiyo mkienda pwani ya mashariki kwa siku tatu tu, tafuteni maji mafu. Mtaogelea asubuhi bila kulifuata wimbi kwa miguu.

Kaskazini habari ni nyingine. Nungwi na Kendwa kina kinaanzia karibu, maji yakipwa unaongeza hatua chache tu na unaogelea saa yoyote. Ndiyo sababu kubwa ya bei zake na ya msongamano wake, na tena Kendwa mwezi ukiwa mpevu wanafanya sherehe ya ufukweni, muziki hadi alfajiri. Mwenye usingizi mwepesi asije akalia kwangu.

Mkiniuliza mimi moyo wangu uko wapi, ni Jambiani. Nungwi naiheshimu, ila ukitoka nje ya lango la hoteli kila hatua ni duka na kila duka ni "karibu dada". Jambiani kijiji bado ni kijiji, watoto wa madrasa wanapita wakikusalimia, na maji yakipwa pwani haifi, inahamia kazini. Kilimo cha mwani kilianza huko mashariki mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Bamvua inapoondoa maji ndipo wanapoingia kwenye mashamba yao, vigingi na kamba, wanafunga mbegu na kuvuna kabla bahari haijarudi. Tembeeni huko, ila msikanyage kamba, na msiwapige picha bila kuomba. Mtu akija wodini kwako, nesi, akakupiga picha unamsafisha mgonjwa, ungemwambia nini?

Mkitembea, vaeni viatu vya mpira. Kuna shuri kule, wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyayo. Kiti cha pweza utakikuta kwenye vidimbwi, chekundu, kizuri, na mwongoza watalii fulani atakitoa majini akuwekee mkononi upige picha. Kataa. Kinakufa.

Jambo lingine la ngozi zetu. Msidanganyane kwamba mtu mweusi hababuki. Mgongo ulioelea juu ya maji saa mbili, uso umeinama ndani ya miwani ya kuzamia unatazama samaki wa Mnemba, unaungua, na usiku hulali. Mafuta ya kukinga jua, au fulana ya mikono mirefu iliyobana, ambayo ni rahisi zaidi na haiwashi macho. Mnemba yenyewe ni kisiwa cha hoteli binafsi, hushuki nchi kavu, unaogelea kwenye matumbawe ya pembeni. Nendeni asubuhi mapema, na miezi ya kusi mumuulize nahodha hali ya nje kabla ya kulipa. Nahodha mzuri atakwambia "leo hapana". Huyo mrudieni kesho.

Pomboo wa Kizimkazi ndio wanaonikwaza. Boti kumi zinamfukuza mnyama mmoja, watu wanarukia majini juu yake. Ukienda, patana na nahodha kabla hamjaondoka kwamba hamfukuzi, mnazima injini na kusubiri. Wasipokuja, bado una msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 1107 ukutani, na ni wachache wanaoshuka kuutazama ingawa wamefika mita chache kutoka hapo. Omba ruhusa, jifunike, vua viatu.

Tuje kwenye boti ya kutoka Dar. Chukueni kitambulisho cha NIDA, maana nauli ya Mtanzania ni ya shilingi na ni ndogo kuliko ya mgeni, na bila kitambulisho utabishana na karani huku foleni inakusonya. Tiketi nunueni ofisini kwa kampuni yenyewe au kwenye mtandao wake. Yule kijana wa bandarini anayekwambia "dirisha limefungwa, mimi ninayo" hana. Safari ni kama saa mbili kwa boti za kasi. Kipindi cha kusi kwenda huwa kuna nafuu, upepo unakusukuma mgongoni. Kurudi ndiko unakokwenda kukutana nao uso kwa uso, na hapo ndipo wengi hutapika. Kwa hiyo dawa ya kichefuchefu msiimalize siku ya kwenda. Inywewe kabla ya kupanda, siyo baada ya kuanza kuona kizunguzungu. Kaeni chini, nyuma kidogo, katikati. Mbele na juu kuna viti vizuri na kuna majuto.

Wasomaji wangu wa Kenya, nyie mtapanda ndege: bebeni pasi na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, viza hamhitaji.

Pesa. Huyu mdogo wangu aliyetuma nusu, sikiliza. Piga simu ya video sasa hivi, mwambie huyo mtu akuoneshe chumba, aende na simu hadi mlangoni, akuoneshe jina la nyumba na njia. Muulize nyumba iko shehia gani na sheha wake ni nani, kisha mtafute mtu wa Unguja akuulizie. Kila nyumba ina shehia, yaani mtaa wake wa kiserikali, na sheha anayeuongoza anajua nani anapangisha. Kama jina lililotokea kwenye muamala si jina la biashara wala la mtu mnayezungumza naye, usiongeze hata shilingi, na kesho uende polisi na kwa mtandao wako wa simu ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi. Kama kila kitu kiko sawa, basi hongera, lakini nusu ya pili ilipe ukiwa na ufunguo.

Na nyie wengine, mkipiga simu hotelini, sentensi ya kwanza baada ya salamu iwe: "Bei ya mkazi ni kiasi gani, kwa shilingi?" Bei mliyoiona kwenye tovuti kubwa za nje ni ya mgeni. Nyumba nyingi zina bei ya mkazi na haziitangazi, zinasubiri aulizaye. Ulizeni pia chai ya asubuhi imo au haimo, na usafiri wa kutoka bandarini ni wa nani. Kutoka mjini hadi Nungwi au Jambiani ni mwendo wa saa moja na zaidi, na bei ya teksi huko si ile mliyoizoea. Daladala zipo, 116 ya Nungwi, 309 ya Jambiani, ni za bei ya wananchi na mna nafasi ya kukaa na gunia la mtu miguuni. Mimi hupanda. Lakini zinaacha kwenda mapema jioni, na ukiwa na sanduku la magurudumu kondakta atakutazama kwa huruma.

Wauguzi wanne mnaosafiri pamoja: wekeni pesa kwa mmoja, mapema, kama mnavyocheza mchezo wenu wa mwisho wa mwezi, na huyo mmoja awe yule mwenye daftari, siyo yule mcheshi. Pesa ya boti, chumba na usafiri itoke kwenye kapu hilo. Chakula na ziara kila mtu mfuko wake. Nimesoma barua nyingi mno za marafiki waliorudi hawasemeshani, na ukichimba chini unakuta ni pweza wa kuchoma aliyeagizwa na wawili akalipwa na wanne. Aliye na pesa kidogo aseme kabla, siyo mezani. Na mwenye nyingi asiwavute wenzake kwenye mgahawa wa The Rock, ule wa juu ya jiwe pale Michamvi Pingwe, kwa sababu tu anataka picha. Pale maji yakipwa unaingia kwa miguu, yakijaa unapelekwa kwa mashua, na kulitazama jiwe lile kutoka ufukweni hakuna malipo.

Usiku mmoja uwe wa Mji Mkongwe, na napendelea uwe wa mwisho, ili asubuhi mshuke bandarini kwa miguu. Jioni Forodhani kuleni, ila ulizeni bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa kwenye sahani, na samaki aliyelala juani tangu saa kumi mwacheni. Kwa urojo, fuateni foleni ya wenyeji. Mjini na vijijini funika mabega na magoti. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni na inaishia ufukweni, hata kama umemwona Mzungu amepita nayo Darajani. Wenyeji hawatakufokea, watakaa kimya, na ukimya wao mtu aliyelelewa vizuri anauelewa. Mapapasi, wale vijana wanaowawinda watalii, watawafuata: "Asante kaka, nimeshapanga," kwa tabasamu, bila kusimama. Ukisimama umeshaingia kwenye biashara.

Angalieni na mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi hivi. Hotelini mtakula kama kawaida, lakini mchana mjini migahawa mingi imefungwa na kula barabarani ni utovu wa adabu. Baada ya futari, kwa upande mwingine, Mji Mkongwe una uhai ambao miezi mingine hauna. Sikukuu za Idi boti hujaa, basi msiende bandarini siku ileile mkitegemea bahati.

Bibi harusi wa Mwanza, wewe nakupa Februari. Kaskazi inakaribia mwisho wake, bahari tulivu, na kama mumeo anapenda muziki kuna Sauti za Busara pale mjini mwezi huohuo, tamasha lililoanza 2004. Hakikisha tu halijagongana na Ramadhani yenu, kama mnafunga. Usipange kila saa. Jambo moja asubuhi, basi. Umeniandikia ratiba ya siku tano yenye ziara kumi na moja, mashamba ya viungo, kobe wa Changuu, Jozani, Mnemba, kila kitu. Mwenzio atakuwa anakutafuta kwenye gari. Futa saba. Na chumba mchukue chenye kivuli na kiyoyozi kinachofanya kazi, mkiwa na pesa iliyobaki ndipo mfikirie chenye bwawa, maana bahari ipo na haina kiingilio.

Sasa mama mkwe. Mdogo wangu, barua yako ina kurasa mbili na nimeisoma hadi kwenye ile aya uliyoifuta kwa kalamu. Anaweza kwenda vizuri kabisa. Chumba chake kiwe cha chini, kisiwe kimeshikana na chenu ukuta kwa ukuta. Mji Mkongwe nyumba nyingi ni za ngazi nyembamba na ndefu, uliza kabla. Jozani atapaweza: kima punju wanakaa karibu na barabara, na kwenye mikoko kuna njia ya mbao, anatembea bila kukanyaga tope. Nenda ufukweni na watoto siku ya maji mafu, bahari haiendi mbali na bibi anawaona wajukuu wake akiwa amekaa kitini. Kisha kuna mchana mmoja yeye anabaki nao, na wewe na mumeo mnakwenda mnakokwenda, na jioni mnamletea halua ya mjini.

Kitu kimoja tu sijakiona kwenye kurasa zote mbili: kama yeye mwenyewe ameshaulizwa. Mpigie leo, kabla ya kununua tiketi ya tano. Huenda anaogopa boti.